Atakayebaki Ufukoni

Zimekaa bega kwa bega kwenye uwanja wa nyumba moja pembezoni mwa mji wetu hapa Minnesota, boti mbili za alumini, kila moja juu ya trela yake, na kipande cha boksi chenye bei za zote mbili kimebanwa kwenye kioo cha ile kubwa. Theluji ya mwisho imeyeyuka, majani yaliyolaliwa na barafu tangu Desemba yana rangi ya udongo, na mbavu za boti zinarudisha jua jipya hadi unakunja uso. Ndogo ni ya futi 14: mbao tatu za kukalia kutoka ubavu hadi ubavu, haina kioo wala skrini, na mashine yake unaiongoza kwa mkono mmoja ukiwa umeketi tezi. Kubwa ni ya futi 18, ina kioo cha kukinga upepo, viti vinavyozunguka, tangi la kuhifadhia samaki wakiwa hai, na usukani wa duara kama wa gari. Shemeji yangu amezigonga zote kwa vifundo vya vidole, amechuchumaa akazitazama kwa chini, amerudi nyuma hatua kadhaa kuziona kwa pamoja. "Shemeji, wewe ni mtu wa Pangani," akaniambia, "vyombo unavijua. Tuchukue ipi?" Sikumjibu upesi, maana jicho langu lilikuwa limenasa kwenye kibao kidogo kilichopigwa ndani ya ile ndogo, karibu na tezi. Kimepauka kwa jua, lakini kinasomeka: watu 4. Shemeji ana mke na watoto watatu.

Kibao hicho kipo kwa amri ya sheria. Tangu Novemba 1972, boti ya mashine inayoundwa Marekani, ikiwa ni ya mwili mmoja na haifiki futi 20, sharti iwe nacho mahali ambapo mwendeshaji hawezi kusema hakukiona. Kinataja watu wangapi, ratili ngapi za uzito, mashine ya nguvu gani, basi. Nimekulia kati ya vyombo, na bado nakiona kibao hiki kuwa kitu kizito kupita ukubwa wake, kwa kuwa ni chombo chenyewe kinachokukabili usoni na kukuhesabia wapendwa wako. Ngalawa ya kwetu haikuandikwa namba. Gogo la mwembe lilichongwa, likatobolewa moyo, likafungwa matengo pande zote mbili ili lisilale, na upana uliopatikana ulikuwa upana wa kiuno cha mtu. Wanakaa wawili au watatu, mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyesimama ufukoni kubishana kwa nini yeye hakupata nafasi, maana mti ulikwisha kuamua tangu ulipokuwa shambani. Mashua na dau ni habari nyingine. Mle mtu wa ziada anaweza kubanwa, na hesabu ilikuwa katika jicho la nahodha, ambalo kwa wengine lilikuwa jicho la mzazi na kwa wengine jicho la mchuuzi.

Madini haya nayo yana safari yake, na ni vigumu kuyatazama bila kuikumbuka. Kwetu alumini ni sufuria. Ni mfuniko unaogongana jikoni alfajiri, ni kijiko cha upawa, ni mabaki yanayookotwa na kuyeyushwa na mafundi wa jua kali yawe sufuria tena. Huwezi kuamini kwamba katikati ya karne ya 19 madini haya yalihesabiwa kuwa ya thamani pamoja na dhahabu, hadi mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Hall huku Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, walipogundua kwa wakati mmoja namna ya kuyatenga kwa umeme, na bei ikaanguka. Kisha ikaja ndege, ikaja vita, na vita vilipokaribia kwisha viwanda vya ndege vikaanza kujiuliza vitafanya nini na mabati yao. Mkuu mmoja wa kiwanda cha Grumman, William Hoffman, alikuwa amebeba mtumbwi mzito wa mbao na turubai katika milima ya Adirondack mwaka 1944, bega likiwa linamuuma, akawaza kwamba lile bati la ndege lingempunguzia adha. Huku Minnesota, mwaka 1948, Howard Lund alijiundia kiboti cha alumini katika mji mdogo wa New York Mills, na jina lake likawa la kampuni ambayo boti zake utazikuta leo nyuma ya magari kila Ijumaa jioni ya kiangazi. Na tusidhani ni habari ya ugenini tu. Boti za kasi za Kilimanjaro zinazotupeleka Unguja kutoka Dar es Salaam ni za alumini, zimeundwa Tasmania, Australia. Msafiri anayetapika baharini mwezi wa Julai kusi ikiwa imekasirika, amekalia ndugu mkubwa wa sufuria yake.

Kwa maoni yangu, kubwa lililoletwa na madini haya ni upweke. Sisemi kwa ubaya. Kabla yake, chombo cha kuvulia kilikuwa jamaa nzima. Mashua haisukumwi na mtu mmoja, tanga halitwekwi na mtu mmoja, nyavu za jarife hazivutwi na mtu mmoja. Hata kukipandisha chombo ufukoni wakati wa kukikwangua koa na kukipaka mafuta ya papa palihitajika mabega ya majirani. Boti ya futi 14 ya alumini, bila mashine, ina uzito ambao watu wawili wenye afya wanaunyanyua, na mtu mmoja mwenye subira ataiburuta hadi majini. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, mshahara wake mdogo, aliweza kuwa nahodha, baharia na tajiri wa chombo kwa pamoja, akaondoka saa kumi na moja alfajiri bila kumwamsha mtu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, walisema wazee, lakini hawakutuachia neno la nahodha asiye na mtu wa kumwamrisha.

Wanaoipenda boti ndogo huku wanayo sababu nzuri, na ni sababu ya maji. Minnesota ina maziwa 11,842 yanayofikia ekari kumi na kuendelea. Mengi yao ni madogo kiasi kwamba ukisimama upande mmoja unaona nani anaanika nguo upande wa pili. Katika mengi hakuna gati la kushushia boti, kuna njia ya vumbi tu na mwanya kati ya matete. Boti kubwa haifiki huko. Ndogo inafika, na ikifika inakulazimisha ulijue ziwa hilo kama mtu anavyokijua kiwanja cha nyumba yake: gogo lililozama liko wapi, maji ya chemchemi yanaingilia wapi, walleye, samaki yule wa macho ya kioo anayependa giza, anapanda saa ngapi kwenye kina kifupi. Hukai ukitamani ng'ambo, kwa kuwa ng'ambo umeshafika. Halafu kuna upepo. Ukiwa na boti ndogo, asubuhi yenye mawimbi meupe haina mjadala. Unasimama ufukoni, unatazama, unarudi kunywa chai. Boti imekuamulia, na imekuamulia ukiwa bado nchi kavu.

Boti kubwa hailiondoi swali hilo. Inalihamishia katikati ya maji. Hili ndilo ninalotaka lisikike, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Ni kweli kwamba boti pana ni salama zaidi, na si salama kidogo. Kwa urefu uleule, nguvu ya maji ya kukishikilia chombo kisilale hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, yaani ongeza robo tu ya upana na nguvu hiyo inakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama ubavuni mwa boti ya futi 18 akavuta samaki huku mtoto amesimama ubavu wa pili. Lakini usalama huo mtu hauweki akiba, anautumia. Anautumia kwenda mbali zaidi, kukaa muda mrefu zaidi, kuingia Mille Lacs, ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 500 ambalo kina chake hakifiki hata mita 15. Maji mapana yenye kina kifupi ni maji ya hasira za ghafla. Upepo ukiyapata, mawimbi yake yanasimama wima na kufuatana karibu karibu, hayakupi nafasi ya kupumua kama mawimbi marefu ya bahari kuu. Mwenye boti ndogo asubuhi hiyo yuko nyumbani. Mwenye boti kubwa yuko maili sita kutoka gatini, ameshika usukani kwa mikono miwili, na uamuzi ambao mwenzake aliufanya akiwa na kikombe mkononi yeye anaufanya maji yakimpiga kifuani. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Chombo kikubwa ndicho kinachokufikisha.

Mengine kuhusu ukubwa nayapitia haraka kwa kuwa kila mtu anayajua: boti ile pamoja na mashine na trela inakaribia tani moja, inataka gari lenye nguvu la kuivuta, inataka mahali pa kulala miezi yote ambayo maziwa yamegeuka barabara za barafu, inataka mafuta na betri na bima. Shemeji ameyahesabu hayo yote kwenye simu yake. Yanahesabika, ndiyo maana hayanitishi.

Mwenye boti alitoka nje akiwa na mpira wa bustani. Bila kuulizwa, akaanza kuijaza maji ile ndogo ikiwa juu ya trela yake. Nilidhani anaiosha. Maji yalipofika usawa wa kifundo cha mguu akaufunga mpira, akachuchumaa, akatuita tuiname naye. Mwili wa boti hii umeunganishwa kwa ribiti, safu baada ya safu, na kila ribiti iliyolegea kwa miaka ya kupigwa na mawimbi ni tundu lisiloonekana. Tukakaa pale chini watu watatu, shingo zimepinda, tukisubiri. Kisha likatokea: tone moja likachungulia pembeni ya ribiti karibu na mkuku, likajaa, likaning'inia, likaanguka. Yule bwana akachora duara kwa chaki. Likafuata jingine, umbali wa shubiri mbili. Akachora. "Mbili tu," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari isiyojificha, kwa kuwa boti hii, alituambia, ilikuwa ya baba yake. Nikaikumbuka Pangani, fundi wa kalafati akipita na nyundo yake na pamba iliyochovywa mafuta, akiubana kila mshono wa mbao kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho, maana mshono uliojaa unalia tofauti na mshono wenye njaa. Huko tulitafuta maji yanayoingia. Huku wanatafuta maji yanayotoka. Lakini mahangaiko ni yaleyale, na wenye lugha walikwisha kuyasema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo kiwe cha futi 14 au futi 40, kiwe cha mwembe au cha bati la ndege, mwisho wa yote utajikuta umeinama mahali panapokusanya maji, na kopo mkononi.

Shemeji aliinuka akajifuta magoti. "Hii ndogo ni nzuri," akasema taratibu, "lakini nitamwambia nani kati yao abaki?"

Na hapo ndipo nilipoacha kumwona kama mtu mwenye tamaa. Huwa tunafanya haraka kusema kwamba anayetaka kikubwa ana tamaa mbele na mauti nyuma, tunamkumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote. Kumbe wako wanaotaka chombo kikubwa kwa sababu moja tu, kwamba hawawezi kustahimili kumwacha mtu nchi kavu. Wana moyo usiojua kutoa namba. Ni moyo mzuri. Ni moyo unaoongeza maji kwenye mchuzi mgeni anapobisha hodi, unaosogeza makalio kwenye kiti cha daladala ili mama mwenye mtoto apate pa kukaa. Nimelelewa na moyo huo na nisingependa kulelewa na mwingine.

Lakini moyo huohuo, ukiuingiza majini, ndio uliotuua. Hatukuuliwa nao peke yake; ulikuwepo uchu wa nauli, ulikuwepo uzembe wa wenye mamlaka, vilikuwepo vyombo vilivyochoka. Hata hivyo naona mkono wake. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebaki hatua chache ifike Mwanza, na mamia ya watu wakazama nayo. MV Spice Islander ilikwenda chini usiku wa Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, imejaa watu waliokuwa wakirudi makwao baada ya Idi. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia Ukara. Iliruhusiwa kubeba watu 101, na maiti zilizoopolewa zilizidi mara mbili ya idadi hiyo. Kila kimoja cha vyombo hivyo kilikuwa na namba yake imeandikwa mahali fulani. Na katika kila gati kulikuwa na mtu aliyesema, jamani, mwacheni na huyu apande, ana mgonjwa. Mwacheni na huyu, anawahi soko. Mwacheni na huyu, ni mtoto tu, hana uzito. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Tulisogezana kama tunavyosogezana kwenye mkeka. Ila mkeka uko juu ya ardhi, na ardhi haina ghadhabu ya mtu mmoja wa ziada.

Ndiyo sababu nakiheshimu kile kibao kilichopauka. Chini ya mbao za kukalia za boti ndogo hizi mna povu gumu lililojazwa ili hata ikifurika isizame, ielee na watu waishikilie. Lakini povu hilo nalo limepimwa kwa hesabu ya kibao. Watu wanne litawabeba. Kwa wa tano halikuahidi kitu. Chombo cha kuzama hakina usukani, tunasema, kana kwamba kuzama ni jambo lililoandikwa mbinguni na usukani hauna la kufanya. Siku hizi naisikia methali hiyo kwa uchungu. Vyombo vyetu vilikuwa na usukani, na vilikuwa na namba.

Basi ni nani anayebaki? Nikirudi kule kwetu kwa mawazo, naona kwamba ufuko haukuwa mahali pa waliokataliwa. Dikoni asubuhi kulikuwa na watu wengi kuliko baharini. Kulikuwa na wachuuzi na mabeseni yao, mafundi wa nyavu wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha mkungu, watoto wenye kazi ya kuvuta chombo kikifika na ambao kila mmoja angeondoka na samaki wawili watatu mkononi bila kuwahi kulowa zaidi ya magoti. Mgawo wenyewe uliwatambua wasiokwenda: sehemu ya chombo kwa mwenye chombo, sehemu ya nyavu kwa mwenye nyavu, sehemu za mabaharia, na kabla ya zote kitoweo cha nyumbani. Mzee aliyepoteza nguvu za kuvuta kamba aliketi pale akasoma mawingu, na vijana hawakuondoka kabla ya kumpitia. Bahari ilikuwa na watu wawili ndani ya ngalawa. Ngalawa ilikuwa na kijiji kizima ufukoni. Hiyo ndiyo siri ya gogo la mwembe kutosha. Halikubeba kila mtu, na hakuna aliyelitaka limbebe, kwa kuwa kila mtu alikuwa na kazi yake kwenye mchanga.

Huku, mtu anashusha boti peke yake, anavua peke yake, anaipandisha peke yake, na gatini hakuna anayemsubiri isipokuwa gari lake. Ndipo inapoonekana kwamba mpendwa asiyeingia kwenye boti hana pa kuwa. Ama awemo, ama awe nyumbani mbele ya skrini. Boti ya futi 18 inauzwa kwa watu walionyang'anywa ufuko, nao wanainunua kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba viti vitatu vya ziada vitarudisha kile kilichokuwa kikifanywa na mchanga, kivuli na watu.

Nimemwambia shemeji achukue ndogo. Ribiti mbili zinazibika kwa mchana mmoja, na ziwa lililo karibu nasi halihitaji zaidi. Mkewe alipopigiwa simu alicheka akasema yeye maji ya baridi hayataki, lakini hesabu bado ilibaki kwa wale watoto, maana yuko baba, wako watatu, na mimi niliyeahidiwa nafasi ya kufundisha kufunga ndoana. Tumekubaliana kwa zamu. Siku ambayo nahodha anakwenda na wawili, mmoja anabaki nami kwenye mchanga. Tutakuwa na jiko la mkaa, kisu, chumvi na ndimu, na kazi ya kutazama upepo unageukia wapi na kuwapigia mluzi warudi. Mdogo kabisa, wa miaka saba, ameuliza kama anayebaki anapata samaki. Nikamwambia anapata wa kwanza kuchomwa, na tangu hapo wanagombania zamu ya kubaki.